Kaseti 14 na rili 3 za mwimbaji wa nyimbo za uzalendo enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam): tuzihamisheje, na tujuaje ipi ni ya mwaka gani?

Mtanda_Lindi

Wakuu, habari za jioni. Familia ya mwimbaji mmoja marehemu wa hapa Lindi (hawajaridhia jina liwekwe hadharani, kwa hiyo tumwite Mzee) imekabidhi boksi kwa kikundi chetu tunaoandaa kipindi cha redio cha Desemba 9. Ndani mna kaseti 14, nyingi C-60 (za dakika 60), mbili C-90 na moja C-120, pamoja na rili 3 (mikanda ya gurudumu wazi) za inchi 7. Mzee alianzia kwaya ya chama, akaingia bendi ya jeshi, akamalizia kufundisha vikundi vya ngoma wilayani. Sehemu kubwa ya nyimbo ilinaswa kutoka redioni.

Makasha hayana tarehe. Moja tu limeandikwa "Sabasaba" kwa penseli. Kaseti tano zina unga mweupe ukitazama kwenye kidirisha, na rili moja inanuka siki. Tulicho nacho ni kompyuta mpakato, redio kaseti moja, na deki ya rili tuliyoahidiwa kuazimwa kwa wiki moja.

Tunaomba mwongozo wa kuhamisha bila kuharibu. Pia tunataka kupanga safari yake ya uimbaji mwaka kwa mwaka, tusije tukaropoka hewani. Nawasilisha.

Mnazi_Mmoja

Pelekeni kwa vijana wa kuingiza muziki kwenye flashi, siku moja kazi imeisha, mnapewa MP3. Huo unga ni unyevu tu, zianikeni juani asubuhi moja zikauke.

FundiChikongola

Msizianike, tafadhali. Jua la huku likipiga kasha jeusi la plastiki linapinda, mkanda unajikunja kingo, na mkanda uliokunja kingo haupiti sawa mbele ya hedi (kichwa cha deki kinachosoma mkanda) tena maisha yake yote. Unga huo ni kuvu. Pwani yetu hii, kanda iliyokaa kabatini karibu na ukuta unaovuja lazima iote. Ukiicheza hivyo hivyo, kuvu inahamia kwenye hedi na kwenye roli la mpira, halafu deki inazipelekea kaseti nzima zote zinazofuata.

Hizo tano zitengeni leo. Ziwekeni kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vifuko kumi na tano hadi ishirini kwa ndoo ndogo vinatosha. Msitumie mchele, una vumbi. Ziacheni wiki mbili au tatu. Kuvu ikikauka inakuwa unga mkavu unaofutika. Kabla ya hapo ni utelezi unaopakaa kila mahali. Mkizifungua, iwe nje kwenye upepo, na barakoa usoni, kwa sababu vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Kisha hamisheni mkanda kwenye kasha jipya. Nunueni C-60 yoyote iliyofungwa kwa skrubu tano, si ile iliyogundishwa. Ilazeni mezani, fungueni skrubu, inueni upande wa juu polepole, na pigeni picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, maana vile vikaratasi laini vya pembeni na viroli viwili vya kona watu huvisahau. Hamisheni roli mbili za mkanda kama zilivyo. Msiuguse mkanda kwa vidole. Shikeni mhimili wa plastiki. Futeni pande za roli kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Kama kasha la zamani limegundishwa, ingizeni bisibisi bapa kwenye ufa wa kona mlivunje taratibu. Kasha halina thamani, mkanda ndio mali.

Angalieni pia kile kisponji kilichobandikwa juu ya kibati cha shaba, katikati ya kasha. Kazi yake ni kuukandamiza mkanda kwenye hedi. Gundi yake ikizeeka kinadondoka, na dalili yake ni sauti inayozama na kurudi, nyembamba, upande mmoja ukipotea. Watu hudhani mkanda umekufa kumbe ni kisponji. Kasha jipya linakuja na chake, tatizo linaisha.

Sasa deki. Redio kaseti iliyokaa miaka mingi, belti yake huwa imegeuka lami. Fungueni mwone kabla ya kuingiza kanda ya Mzee, kwa sababu belti ikilegea upande wa kuvuta hauzunguki, mkanda unamwagika ndani na kanda inaliwa. Safisheni hedi na kile kijiti cha chuma kinachozunguka kwa pamba ya masikio na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Roli la mpira lifuteni kwa maji yenye sabuni kidogo, likaushwe. Rudieni kila baada ya kaseti mbili, na kwa zile tano zilizoota kuvu, kila baada ya upande mmoja.

Kabla ya kurekodi chochote:

Vunjeni vile vidole viwili vya nyuma ya kaseti ili isifutike kwa bahati mbaya. Jaribuni deki kwa kaseti isiyo na thamani. Kisha kanda ya Mzee ipelekeni mbele mpaka mwisho na irudisheni mwanzo mara moja, bila kuicheza, kwa sababu mkanda uliolala miaka thelathini hushikamana tabaka kwa tabaka na mvuto wake haulingani.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kurekebisha pembe ya hedi, mafundi huita azimathi. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi au rangi nyekundu. Kila redio iliyorekodi ilikuwa na pembe yake. Kwa hiyo chezeni kanda, unganisheni kushoto na kulia iwe sauti moja, zungusheni skrubu robo mzunguko au chini yake huku na huku, na acheni pale herufi "s" za mwimbaji zinaposikika kali kuliko kote. Ni kwa kila kaseti, si mara moja kwa zote. Kwenye sauti ya kuimba hapo ndipo maneno yanapofunguka. Mnaweza kuhangaika na programu wiki nzima msipate kilichopatikana kwa robo mzunguko wa bisibisi.

Kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja la maiki, na hilo halifai: ni la upande mmoja na linakuza sauti hadi inapasuka. Tafuteni kifaa kidogo cha USB chenye tundu la laini. Rekodini kwa programu ya Audacity, WAV, biti 24, kilohezi 48. Kilele kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Saa moja ni kama GB 1, kwa hiyo kaseti zote hazitavuka GB 20. MP3 tengenezeni mwishoni kwa ajili ya WhatsApp, si kama nakala mama.

Na msipandishe treble mkidhani mnasafisha. Kilichonaswa kutoka masafa ya kati au mafupi hakina kitu juu ya kilohezi 5 hivi. Mtapandisha mvumo mtupu.

Mnazi_Mmoja

Nimekuelewa fundi, nafuta kauli.

Baharini_Mikindani

Niongeze upande wa rili, fundi amemaliza kaseti.

Hiyo inayonuka siki ni mkanda wa plastiki ya asetati, na inaoza. Harufu ni asidi inayotoka kwenye plastiki yenyewe. Itoeni kwenye boksi sasa hivi, maana mvuke wake unaambukiza zile nyingine. Kuitambua: inueni rili mbele ya taa na mtazame kwa ubavu. Asetati inapitisha mwanga, poliesta (plastiki ile nyingine ya mikanda) haipitishi. Asetati ikivutwa inakatika "tap!" kama uzi mkavu, na inaungika vizuri. Poliesta inavutika kama ubani kabla ya kukatika, na sehemu iliyovutika haiponi. Ya siki ndiyo ya kuhamishwa kwanza kuliko zote, hata kabla ya kaseti, kwa sababu inazidi kusinyaa na kukunjika.

Kama kuna rili ya poliesta ya miaka ya 1970 au 80 yenye mgongo mweusi usiong'aa, ichezeni sekunde kumi tu. Ikipiga mluzi au ikiacha ugoro wa kahawia kwenye hedi, simamisheni: gundi yake imenyonya maji. Hiyo huokwa kwa kikaushio cha chakula chenye kipimo, nyuzi 54 kwa saa 8 hivi, huku mkiigeuza, ipoe siku nzima kisha ichezwe ndani ya wiki chache. Jiko la mkaa au oveni ya nyumbani hapana, joto lake linarukaruka. Na ASETATI HAIOKWI KABISA.

Spidi: rili ya inchi 7 yenye mkanda wa futi 1200, kwa spidi ya inchi 7½ kwa sekunde, ni dakika 32 kila upande. Kwa 3¾ ni dakika 64. Mkisikia Mzee anaimba kama mtoto wa darasa la pili, mmeweka spidi mara mbili.

Vipande vilivyokatika viungwe kwa utepe maalumu wa kuungia. Seloteipu inatoa gundi, inaganda kwenye tabaka la jirani, na baada ya mwaka mna tatizo kubwa kuliko lile la mwanzo.

Mwalimu_Masasi

Nianze na jinsi kazi ya uimbaji ilivyokuwa wakati ule, maana bila hilo tarehe hazitapangika.

Bara ilikuwa na redio moja tu. Ilianza 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, 1965 ikafanywa idara ya serikali na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio binafsi hazikuja mpaka miaka ya 1990. Kwa hiyo mwimbaji alikuwa amefika pale wimbo wake unapopigwa RTD, na mara nyingi ulirekodiwa studio za RTD zenyewe. Santuri zilichapwa Kenya, na mpaka ule ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Ndiyo maana nyimbo nyingi za miaka hiyo hazina santuri popote; zipo kwenye mikanda ya redio na kwenye kaseti za wasikilizaji kama hizo zenu. Msizidharau.

La pili: bendi zilikuwa za waajiri. Vyombo, sare na jina la bendi vilikuwa mali ya jumuiya, kiwanda au jeshi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Mwenge Jazz ya jeshi, Polisi Jazz. Mwimbaji alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara. Akihama, aliacha gitaa na aliacha jina. Kwa hiyo jina la bendi analolitaja mtangazaji ni alama ya tarehe kuliko hata maneno ya wimbo.

Sasa njia ya kutia tarehe. Chukueni daftari, kila wimbo mwandike mambo matatu: jina la kituo analotaja mtangazaji, jina la chama au jumuiya, na jina lolote la mahali au kiongozi. Kisha mbane kwa pande mbili: hauwezi kuwa kabla ya lini, hauwezi kuwa baada ya lini.

Nchi ikiitwa Tanganyika peke yake, ni kabla ya Aprili 1964. Jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964, kwa hiyo wimbo wenye "Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar" ni wa miezi ile michache ya katikati, na ni lulu. JKT ilianza Julai 1963, JWTZ Septemba 1964. "Azimio" bila maelezo ni baada ya Februari 5, 1967. TANU ikitajwa kama chama kilicho hai, ni kabla ya Februari 5, 1977; CCM ni baada. NUTA ni kuanzia 1964 mpaka ilipogeuka JUWATA mwishoni mwa miaka ya 70; OTTU, iliyofuata, ni 1991. "Siasa ni Kilimo" ni 1972 kuja mbele, "Mtu ni Afya" ni 1973. Nduli (Idi Amin) na vita vya Kagera ni kuanzia mwisho wa 1978, na kama wimbo unashangilia Kampala ni baada ya Aprili 11, 1979.

Kwetu kusini tuna alama zetu ambazo watu wa Dar hawazioni. Mkoa wa Lindi ulikatwa kutoka Mtwara 1971. Wimbo unaoitaja Nachingwea ndani ya mkoa wa Mtwara ni wa kabla ya hapo. Unaosalimia "Mkoa wa Lindi" ni wa baada. Nachingwea ikitajwa pamoja na FRELIMO (wapigania uhuru wa Msumbiji) na mapambano ni kati ya 1964 na 1975. Msumbiji ikisifiwa kwa uhuru wake ni baada ya Juni 25, 1975. Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, akiombolezwa ni Februari 1969 au karibu na hapo. Samora, rais wa Msumbiji, akiombolezwa ni Oktoba 1986.

Jina la Mkapa ni mtego. Wengi wakilisikia wanaandika 1995, lakini alikuwa waziri tangu miaka ya 1970. Sikilizeni cheo: "Rais" ndiyo Novemba 1995 kuja mbele. Daraja la Rufiji likisifiwa kwa kufunguliwa ni 2003.

Mtego mwingine ni bendi iliyoishi zaidi ya kiongozi wake. Mtu akisikia Cuban Marimba anaandika Salum Abdallah moja kwa moja. Salum alifariki 1965. Kwa hiyo Cuban Marimba inayotaja Azimio la Arusha ni ya Juma Kilaza na wenzake. Hali kadhalika Mbaraka Mwinshehe: alitoka Morogoro Jazz 1973 akaunda Super Volcano, akafariki kwa ajali Januari 1979. Kama bendi yake inatajwa kuwa Morogoro Jazz na yeye ndiye anaimba, mmeshapata ukomo wa juu wa kurekodiwa. Fanyeni vivyo hivyo kwa bendi ya Mzee: tafuteni mwaka alioingia na alioacha jeshi. Karatasi za mafao ndizo zenye ukweli. Kumbukumbu za watu huongeza miaka kila wanaposimulia.

Mtanda_Lindi

Asanteni sana. Narudi na ripoti baada ya wiki tatu. Ya siki tumeihamisha kwanza, imekatika mara nne lakini imeungika. Tuna mambo matatu yametushinda.

Rili ya pili: sikio la kushoto Mzee anaimba vizuri, la kulia kuna watu wanaongea kinyumenyume. Kaseti ya sita: inaanza vizuri, kadiri inavyoendelea sauti inapanda, mwishoni ni kama kwaya ya ndege. Kaseti ya kumi na moja yote imelegea, sauti nzito, lakini kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho.

Baharini_Mikindani

Rili haina kasoro. Ilirekodiwa mono, nusu ya upana kwenda na nusu nyingine kurudi, na deki mliyoazimwa ni ya stereo inayosoma nusu zote kwa pamoja. Mnachosikia kulia ni upande B kwa nyuma. Kwenye Audacity tenganisheni njia mbili, ya kulia igeuzeni kwa amri ya kurudisha nyuma, mhifadhi kama faili lake. Mmepata pande mbili kwa mchezo mmoja, mkanda umesuguliwa mara moja tu.

FundiChikongola

Kaseti ya sita ni betri. Redio iliyokuwa ikirekodi ilikuwa ikiishiwa moto, mota ikapungua spidi, kwa hiyo mkanda ulipita polepole wakati wa kurekodi. Leo unachezwa kwa spidi sahihi, sauti inakimbia. Msirekebishe kwa asilimia moja kwa kaseti nzima. Tafuteni kitu kinachojirudia, mfano mlio wa kituo, kilichopo mwanzo na mwisho. Pimeni tofauti, kisha katikeni vipande vya dakika tatu tatu na mpunguze spidi hatua kwa hatua. Au tumieni amri ya kuvuta taratibu yenye thamani ya mwanzo na ya mwisho.

Ya kumi na moja ni rahisi zaidi kama ilirekodiwa kwa umeme. Umeme wetu ni hezi 50 na mvumo wake huingia kwenye mkanda. Chagueni sehemu ya ukimya kabla ya wimbo, chora wigo wa masafa kwa dirisha kubwa (65536). Mkiona kilele kwenye 48 badala ya 50, ongezeni spidi kwa asilimia 4.2. Ila kwanza rekodini deki bila mkanda, mjue mvumo wake wenyewe uko wapi. Huo utakuwa karibu na 50 siku zote na utawadanganya.

Mtanda_Lindi

Imekubali! Ilikuwa 48 na kidogo. Sasa ile ya "Sabasaba". Mtangazaji anasema "Radio Tanzania Dar es Salaam", anataja sherehe za Sabasaba, kisha kwaya ya TANU kutoka Mkoa wa Lindi. Wimbo unaipongeza Msumbiji kwa kuwa huru. Familia wanasema ni 1978.

Mwalimu_Masasi

1978 haiwezekani, TANU haikuwepo. Msumbiji huru ni kuanzia Juni 25, 1975. TANU mwisho Februari 5, 1977. Katikati hapo zipo Sabasaba mbili tu, ya 1975 na ya 1976. Sikilizeni kama mtangazaji anataja siku ya wiki. Julai 7, 1975 ilikuwa Jumatatu, 1976 ilikuwa Jumatano.

Mtanda_Lindi

"Leo Jumatatu." Sekunde ya 14, kabla hajataja kwaya.

Mwalimu_Masasi

Basi andikeni "ilirushwa RTD Julai 7, 1975". Msiandike "ilirekodiwa", hilo bado. Kutoka Juni 25 ni siku kumi na mbili, kwaya inaweza kutunga lakini safari ya Dar kwa barabara ya kipindi kile, na kivuko cha Rufiji, sijui kama waliwahi studio. Sikilizeni mwisho wa wimbo: mkisikia makofi, upepo kwenye maiki au watu uwanjani, ilinaswa kwenye sherehe. Ukimya wa chumba ni studio, na hapo inabidi mwulize familia Mzee alikuwa wapi wiki ile.

Na kabla ya kipindi, mwandikieni barua TBC (shirika la utangazaji la taifa), mikanda ya RTD iko kwao, kisha ofisi ya hakimiliki. Sheria namba 7 ya 1999 inampa mtunzi haki uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo familia ya Mzee ina sauti hapo.

FundiChikongola

Ile C-120 mmeifikia? Mkanda wake ni mwembamba nusu ya C-60. Msiirudishe nyuma kwa kasi, irudisheni kwa penseli au muache deki iicheze upande wa pili mpaka mwisho. Mkisikia neno la mwimbaji kwa mbali muda mfupi kabla hajaliimba, hiyo ni sauti ya tabaka moja la mkanda iliyohamia kwenye lingine. Haitoki, iacheni.